Mnadhimu asiye na kamanda

Machi 1943, Luteni Jenerali Frederick Morgan wa jeshi la Uingereza alifanywa mnadhimu mkuu wa kamanda ambaye alikuwa bado hajateuliwa. Januari mwaka huo, huko Casablanca, Churchill na Roosevelt walikubaliana kwamba maandalizi ya kuivamia Ulaya kutokea Uingereza yaanze. Nani angeongoza uvamizi huo, hawakuwa wameamua. Kazi haikuweza kungoja, akatafutwa mtu wa kuianza. Jenerali Alan Brooke, mkuu wa jeshi la nchi kavu, alipomkabidhi Morgan jukumu hilo alimwambia wazi kwamba halitawezekana, ila ni juu yake kuliwezesha.

Morgan alikuwa na miaka 49. Alizaliwa Kent mwaka 1894, akaingia jeshi la mizinga mwaka 1913, na miaka yake mingi kati ya vita viwili vikuu aliimaliza India. Vita vya Kwanza vilipozuka alikwenda Ufaransa na Divisheni ya Lahore, na huko kombora lililoanguka karibu naye likamlaza hospitali. Msimu uleule, kikosi kingine kutoka India kililetwa Tanga. Wasomaji wa pwani hii wanaijua habari hiyo: Novemba 1914 askari wapatao 8,000 walishushwa bila upelelezi wa maana, na kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akiwa na watu kama 1,000 tu, akawarudisha melini. Mwaka uliofuata ikaja Gallipoli, Uturuki, uvamizi mwingine wa ufukweni ulioshindwa. Maafisa wa rika la Morgan hawakuhitaji kuambiwa kinachoweza kulipata jeshi linaloshuka ufukweni mwa adui.

Na kulikuwa na kidonda kibichi zaidi. Agosti 1942 zaidi ya askari 6,000, wengi wao Wakanada, walitupwa kwenye bandari ya Dieppe, kaskazini mwa Ufaransa. Zaidi ya nusu ya Wakanada waliuawa, kujeruhiwa au kutekwa katika asubuhi moja. Bandari ilikuwa ngome, na haikuingilika kwa mbele. Lakini bila bandari jeshi kubwa litakula nini, na vifaru vyake vitapata wapi mafuta?

Swali hilo ndilo lililotawala Norfolk House, jengo la katikati ya London ambako Morgan na naibu wake, Mmarekani Ray Barker, walikusanya maafisa wa nchi kavu, wa majini na wa anga. Miongoni mwao alikuwa John Hughes-Hallett, aliyeongoza meli za Dieppe. Jibu lilikuwa la ajabu: bandari ijengwe Uingereza, ivutwe baharini vipande vipande, ikaunganishwe mbele ya ufuo. Makasha makubwa ya zege yangezamishwa kuzuia mawimbi, na magati yangeelea, yakipanda na kushuka na maji. Hilo halikuwa jambo dogo, maana Normandy maji hupwa na kujaa kwa zaidi ya mita 6.

Kwa nini Normandy? Kutoka Dover hadi Calais ni kilomita kama 34 tu, na wapo maafisa waliosisitiza njia hiyo fupi. Ila Wajerumani nao walijua kusoma ramani, na Calais ndiko walikojizatiti kuliko kwingine. Fukwe za karibu na Caen zilikuwa mbali zaidi, lakini bado ndege za kivita kutoka kusini mwa Uingereza ziliweza kuzilinda, na ngome zake zilikuwa nyepesi. Mjadala ulimalizwa Largs, Scotland, kwenye kikao kilichoitishwa na Mountbatten, mkuu wa operesheni za pamoja za majeshi ya Uingereza, katikati ya 1943.

Mpango ulikamilika Julai. Divisheni tatu zingetangulia kushuka, na tarehe iliyolengwa ilikuwa 1 Mei 1944. Tatu ni chache, na Morgan alilijua hilo. Lakini aliambiwa idadi ya boti za kushushia askari, akapanga kwa idadi hiyo. Boti zilikuwa pia zikitakiwa Mediterania na Pasifiki, na mnadhimu asiye na kamanda hana sauti ya kumnyang'anya admirali boti. Mwezi Agosti, huko Quebec, Churchill alitaka nguvu iongezwe kwa angalau robo, lakini boti za kuibebea hazikutolewa.

Hapa naona Morgan ameonewa na historia. Mmarekani Eisenhower aliteuliwa kuwa kamanda Desemba 1943. Montgomery, aliyepewa majeshi ya nchi kavu, aliutazama mpango akasema eneo la kushukia ni finyu mno. Alikuwa sahihi. Lakini yeye alisema akiwa na Eisenhower nyuma yake: divisheni zikafika tano, operesheni ikasogezwa hadi Juni ili boti ziongezeke. Tangu hapo umaarufu wa kuusahihisha mpango ukawa mkubwa kuliko wa kuubuni. Morgan alibaki makao makuu ya Eisenhower kama naibu mnadhimu mkuu, na yeye na Montgomery hawakuivana kamwe.

Tarehe 6 Juni 1944 watu wapatao 156,000 walitua Ufaransa kwa bahari na kwa miamvuli, kwenye pwani aliyoichagua Morgan. Bandari mbili zilivutwa kama ilivyopangwa. Dhoruba ya siku chache baadaye ikaivunja ya Wamarekani, ile ya Waingereza pale Arromanches ikaendelea kupakua mizigo kwa miezi.

Baada ya vita alipelekwa Ujerumani kusimamia wakimbizi chini ya shirika la misaada la Umoja wa Mataifa, na huko ulimi ulimponza. Januari 1946 aliwaambia waandishi kwamba Wayahudi waliokuwa wakitoka Poland walikuwa na fedha na mpango wa siri. Watu hao walikuwa mabaki ya mauaji ya kutisha, na kelele zilizofuata alizistahili. Alinusurika kwa miezi kadhaa, kisha Agosti akadai kwamba shirika lilikuwa limegeuzwa kificho cha majasusi wa Kisovieti. Fiorello La Guardia, mkuu wa shirika, akamfukuza.

Mwaka 1951 serikali ya Attlee ilimkabidhi usimamizi wa nishati ya atomiki. Alikuwa bado kwenye kiti hicho Uingereza ilipolipua bomu lake la kwanza la nyuklia, 3 Oktoba 1952, kwenye visiwa vya Monte Bello, Australia. Alistaafu 1956 na kufariki 1967.