Flaiwili nyepesi haiongezi injini nguvu

WAPENZI wa magari ya kasi, hususan wale waliojipatia Subaru Impreza WRX ya gia za mkono kutoka Japani, aghalabu huanza kwa kubadilisha ekzosi, kisha springi, halafu hugeukia flaiwili. Gerejini huambiwa kuwa flaiwili nyepesi huiongezea injini nguvu. Madai hayo si kweli, na ayaaminiye huenda akatumia fedha nyingi kujinunulia usumbufu.

Flaiwili ni sahani nzito ya chuma iliyofungwa kwa boliti nyuma ya krenkishafti. Ukingoni ina meno yanayoshikwa na stata wakati wa kuwasha gari, na uso wake ndio unaosuguana na sahani ya klachi. Kazi yake kuu ni kuhifadhi mwendo. Pistoni hazisukumi kwa mfululizo bali kwa vishindo, na katika injini ya silinda nne huwa ni vishindo viwili kwa kila mzunguko. Uzito wa flaiwili ndio unaoziba pengo baina ya kishindo na kishindo, hata injini ikanguruma kwa utulivu.

Uzito huo ukipunguzwa, mizunguko ya injini hupanda na kushuka upesi zaidi. Nguvu farasi hubaki zile zile. Kinachookolewa ni ile sehemu iliyokuwa ikitumika kuizungusha flaiwili yenyewe kila gari linapoongeza kasi. Tofauti hiyo huhisika mno katika gia za chini.

Tuchukue mfano. Flaiwili imepunguzwa kilo 4, zilizokuwa wastani wa sentimita 11 kutoka kitovuni. Gari lina gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.5, difu ya 4.1, na magurudumu yenye nusu kipenyo cha sentimita 30. Hesabu yaonyesha kwamba katika gia ya kwanza, gari litachomoka kana kwamba limepunguziwa takriban kilo 110. Katika gia ya pili yenye uwiano wa 2, nafuu hiyo hushuka hadi kilo 36. Ukifika gia ya tano ya 0.8, haifiki hata kilo 6. Anayetarajia kuwapita wenzake kwenye barabara kuu akiwa katika gia ya tano heri asijisumbue.

Mnunuzi asiangalie kilo pekee. Gramu moja iliyo ukingoni huzuia mwendo mara nne zaidi ya gramu iliyo katika nusu ya umbali huo, kwa hivyo flaiwili mbili zenye uzito sawa zaweza kutofautiana pakubwa barabarani.

Ubaya wa flaiwili nyepesi hujitokeza pale pale wengi wetu tunapoendesha. Katika msongamano wa jioni jijini Nairobi, mahali pa mwinuko wa karibu mita 1,700 ambapo hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini isiyo na taabo, gari huzimika dereva akiachilia klachi haraka. Ili lisizimike, itambidi akanyage mafuta zaidi na kuiachilia klachi polepole, nayo klachi huungua na kulika mapema. Mtindo huo ukirudiwa mara 40 kati ya kazini na nyumbani, raha ya kuwa na gari jepesi husahaulika.

Jambo la hatari kuliko yote ni kumpelekea fundi wa kukereza chuma flaiwili ya kiwandani aipunguze. Nyingi ya hizo ni za chuma cha kusubu, ambacho ni rahisi kupasuka. Mizunguko ikiongezeka maradufu, nguvu inayoivuta sahani itawanyike huwa mara nne. Ikipasuka, vipande hutoboa giaboksi na huweza kufikia miguu ya dereva. Afadhali kununua iliyoundwa ikiwa nyepesi, ya chuma kilichofuliwa au ya alumini yenye pete ya chuma usoni, na iliyothibitishwa kwa kiwango cha SFI 1.1 cha Marekani. Ya alumini ndiyo nyepesi zaidi, lakini kwa gari la kila siku mwandishi huyu angechagua ya chuma, yenye uzito uliopungua kwa robo hadi thuluthi hivi.

Wenye magari ya dizeli na baadhi ya BMW wana suala jingine. Magari hayo hutumia flaiwili ya sahani mbili zenye springi katikati, aina ambayo kampuni ya LuK ya Ujerumani ilianza kuiunda kwa wingi mwaka wa 1985. Ukiweka ya sahani moja, tarajia giaboksi kugongagonga gari likiwa halina gia. Katika baadhi ya magari, kompyuta nayo hudhania silinda imekosa kuwaka na kuwasha taa ya injini.

Kwa kuwa giaboksi sharti ishushwe, badilisha klachi, boliti na sili ya nyuma ya krenkishafti siku hiyo hiyo. Hakikisha klachi unayonunua inalingana na flaiwili hiyo mpya, na fundi akaze boliti kwa spana ya kipimo badala ya kukisia kwa mkono.