Sumaku ya neodimi: Ugunduzi uliochochewa na vita vya Shaba

NDANI ya mota za magari mengi ya umeme, katika diski ngumu za kompyuta, katika spika ndogo za masikioni na katika mitambo mikubwa ya kufua umeme kwa upepo, kuna kipande cha sumaku ambacho watu wengi hawajawahi kukiona kwa macho.

Sumaku hiyo hutengenezwa kwa chuma, boroni na madini adimu yaitwayo neodimi. Ndiyo sumaku ya kudumu yenye nguvu kuliko zote zinazouzwa kibiashara duniani.

Historia yake haikuandikwa maabara peke yake. Sehemu moja iliandikwa kwa mtutu wa bunduki, mwaka 1978, katika mji wa Kolwezi ulioko kusini mwa nchi ambayo leo inaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Nguvu ya sumaku hutoka wapi?

Kila kitu kimeundwa kwa atomu, na ndani ya atomu mna elektroni. Kila elektroni ina tabia ya sumaku ndogo mno, yenye ncha ya kaskazini na ya kusini.

Katika vitu vingi, kama vile mbao, shaba au maji, elektroni hukaa mbili mbili zikielekea pande tofauti, hivyo nguvu zao hufutana. Katika chuma, kobalti na nikeli, baadhi ya elektroni hubaki bila mwenza, na zile za atomu jirani hujipanga kuelekea upande mmoja. Mwanafizikia wa Ujerumani, Werner Heisenberg, alieleza chanzo cha mpangilio huo mwaka 1928 kwa kutumia fizikia ya kwanta.

Hata hivyo, kupata nguvu ni jambo moja na kuidumisha ni jambo jingine. Msumari uliosuguliwa kwenye sumaku huweza kunasa pini, lakini baada ya kugongwa mara chache nguvu hiyo hupotea.

Kwa sababu hiyo, sumaku bora huhitaji sifa tatu: iwe na nguvu nyingi, isikubali kugeuzwa mwelekeo kwa urahisi, na istahimili joto. Chuma kinayo sifa ya kwanza. Madini adimu kama neodimi na samari huleta ya pili, kwa kuwa elektroni zake hushikilia upande mmoja ndani ya fuwele, mfano wa mlango uliotiwa komeo.

Kutoka chuma cha Honda hadi kobalti

Mwaka 1917, mtaalamu wa Japani, Kotaro Honda, alitengeneza chuma cha pua chenye kobalti kilichozishinda sumaku zote za wakati huo. Mwaka 1931, Mjapani mwenzake, Tokushichi Mishima, alichanganya chuma, nikeli na alumini na kupata sumaku bora zaidi.

Hatua kubwa iliyofuata ilipigwa miaka ya 1960 nchini Marekani, pale Karl Strnat na wenzake walipoonyesha kuwa kobalti ikichanganywa na madini adimu huzaa sumaku ngumu kugeuzwa. Sumaku ya samari na kobalti ikawa mfalme wa sumaku.

Mfalme huyo alikuwa na udhaifu mmoja: samari ilikuwa haba na ghali, na kobalti nyingi ya dunia ilitoka katika nchi moja tu, Zaire.

Kolwezi yatikisika

Kobalti hiyo ilichimbwa pamoja na shaba katika jimbo la Katanga, ambalo Rais Mobutu Sese Seko alilipa jina la Shaba mwaka 1971. Jina hilo ni neno la Kiswahili, lugha ya wakazi wengi wa huko.

Mwezi Mei 1978, waasi wa Kikatanga waliotokea Angola waliuteka mji wa Kolwezi, kitovu cha migodi. Mamia ya watu waliuawa, Waafrika na Wazungu. Askari wa miavuli wa Ufaransa walishuka Mei 19, na Ubelgiji nayo ikatuma majeshi. Wataalamu wengi wa kigeni wa migodi walikimbia nchi.

Bei ya kobalti, iliyokwisha kuanza kupanda, iliongezeka mara kadhaa. Viwanda vya Marekani, Ulaya na Japani vilibaini kwamba sumaku zao bora zilitegemea eneo moja lililokumbwa na vita. Swali likawa moja: je, inawezekana kutengeneza sumaku bila kobalti?

Majibu mawili, mwaka mmoja

Nchini Japani, Masato Sagawa alikuwa mtafiti wa kampuni ya Fujitsu. Miezi michache kabla ya vita vya Kolwezi alihudhuria mhadhara ulioeleza kwa nini chuma hakikufaa kuchukua nafasi ya kobalti: atomu zake zilikaribiana mno. Sagawa akajiuliza kama kuongeza atomu ndogo, mfano boroni, kungezitenganisha.

Kazi aliyopewa na mwajiri wake haikuwa hiyo. Mwaka 1982 aliondoka na kujiunga na Sumitomo Special Metals, kampuni iliyokuwa ikitengeneza sumaku, na ndani ya miezi michache akafaulu. Boroni ilikuwa imezaa fuwele mpya kabisa, yenye atomu 2 za neodimi, 14 za chuma na 1 ya boroni.

Wakati huohuo nchini Marekani, John Croat wa kampuni ya magari ya General Motors alikuwa amefikia mchanganyiko uleule kwa njia tofauti, ya kupoza metali iliyoyeyushwa kwa kasi kubwa. Wawili hao walitangaza matokeo yao mwaka 1983 katika mkutano mmoja wa wanasayansi mjini Pittsburgh. Mwaka 2022, Sagawa alitunukiwa Tuzo ya Malkia Elizabeth ya Uhandisi.

Sumaku mpya ilikuwa na nguvu zaidi na malighafi yake kuu, chuma, ni rahisi. Kasoro yake ni joto: ndani ya mota yenye moto hudhoofika, hivyo wataalamu huongeza madini mengine adimu, disprosi au terbi.

Vita vya panzi

Ikiwa lengo lilikuwa kuepuka kutegemea nchi moja, lengo hilo halikufikiwa. Uchimbaji na hasa usafishaji wa madini adimu ulihamia China, ambayo leo hutengeneza sehemu kubwa mno ya sumaku za aina hiyo duniani. Bei zilipaa baada ya nchi hiyo kupunguza mauzo ya nje mwaka 2010. Mwezi Aprili 2025 iliweka masharti ya vibali kwa madini adimu saba, yakiwamo disprosi, terbi na samari.

Mvutano huo ndio unaofanya Afrika Mashariki itazamwe upya. Nchini Tanzania, mkoani Songwe, upo mlima wa Ngualla wenye neodimi na praseodimi. Mwezi Aprili 2023, Serikali ilitia saini makubaliano ya mradi huo, ikipata hisa za asilimia 16 bila malipo. Burundi ilianza kuchimba Gakara mwaka 2017, kisha mwaka 2021 serikali yake ikasimamisha kazi ikidai mgawo wa haki zaidi. Nchini Kenya, hazina kama hiyo ipo katika kilima cha Mrima, Kwale.

Wahenga walisema vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kolwezi ilimwaga damu, lakini faida ya ugunduzi uliofuata ilivunwa na wenye maabara na viwanda. Mchanga wenye neodimi hauna nguvu ya sumaku hata chembe. Nguvu huja baada ya kutenganisha madini yanayofanana kama mapacha, kuyayeyusha, kuyasaga na kuyapanga fuwele kwa fuwele, na katika kila hatua thamani huongezeka.

Kwa nchi zenye madini hayo, suala si tani ngapi zitapakiwa melini. Ni vijana wangapi watasomea fizikia na kemia ya metali, na hatua ngapi kati ya mchanga na mota zitafanyika nyumbani.