Mimba na Watoto Wachanga katika Safari za Ng'ambo: Pwani ya Afrika Mashariki katika Karne ya 19

Historia ya safari za baharini za Pwani ya Afrika Mashariki imeandikwa kwa wingi kama historia ya wanaume, yaani manahodha, mabaharia, wafanyabiashara wa pembe na karafuu, wamisionari na mabalozi. Wanawake wakitajwa hutajwa kama abiria waliofuatana na waume zao, na watoto mara nyingi hutajwa pale tu wanapofariki. Hata hivyo, kumbukumbu zilizosalia za karne ya 19, hasa za nyumba ya Sayyid Said bin Sultan wa Zanzibar na za wamisionari wa kwanza wa Mombasa, zinaonyesha kwamba mimba na umri wa mtoto vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoamua familia iondoke lini, ipite njia gani, na nani abaki nyuma. Familia iliyofika ng'ambo ikiwa kamili, baba, mama na watoto katika chombo kimoja, ilikuwa nadra. Zilizo nyingi zilisafiri vipande vipande, na gharama ya kutengana huko ilimwangukia zaidi mama.

Sababu ya kwanza ilikuwa upepo. Majahazi yalitegemea kaskazi, upepo unaovuma kutoka kaskazini-mashariki takriban Desemba hadi Machi na kuleta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi, upepo unaogeuka kuanzia Aprili na kuvirudisha. Katikati ya kusi, mwezi Juni na Julai, bahari huchafuka kiasi cha kuzifanya bandari za magharibi mwa Bara Hindi zisiingilike, hivyo vyombo viliondoka ama mwanzoni mwa kusi ama wakati wa demani, kipindi cha mwisho wa upepo huo ambapo bahari hutulia tena. Mimba haifuati kalenda hiyo. Mwanamke aliyefika Zanzibar mwezi Januari na kushika mimba mapema alikuwa na njia tatu tu: kurudi mwezi Aprili, mimba ikiwa changa na kichefuchefu cha mimba kikichanganyika na cha bahari, kungoja demani, tumbo likiwa limeshakuwa kubwa, au kubaki hadi mwaka wa pili, aondoke na mtoto wa kunyonya kifuani. Waume waliofungwa na msimu wa biashara hawakuweza kungoja kila mara, na ndivyo ilivyotokea kwamba watoto wengi walizaliwa upande mmoja wa bahari na baba zao wakiwa upande wa pili.

Ndani ya jahazi hali haikuwa nyepesi. Mwandishi na baharia wa Australia, Alan Villiers, aliyesafiri kwa jahazi la Kuwait kutoka Aden hadi Afrika Mashariki katika msimu wa 1938 na 1939, alieleza jinsi wanawake walivyowekwa pamoja na watoto wao katika chumba cha nyuma kilicho chini ya sitaha, mahali pafupi na penye joto, wakati wanaume walilala juu penye hewa. Maelezo hayo ni ya karne ya 20, lakini muundo wa majahazi na desturi ya stara havikuwa vimebadilika sana tangu siku za Sayyid Said, na yanasaidia kuelewa kwa nini wafanyabiashara wengi waliona afadhali familia ibaki nyumbani. Wabhatia, Wahindu wa biashara kutoka Kutch, waliwaacha wake zao Bara Hindi kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, ilhali Wakhoja, Waislamu wa biashara kutoka Bara Hindi, walihamia pamoja na wake na watoto. Tofauti hiyo ilichangia kuwafanya Wakhoja wawe wakazi wa kudumu wa Pwani mapema zaidi.

Haifai kuzungumzia safari za watoto katika bahari hii bila kuwataja waliosafirishwa kwa nguvu. Wanawake waliotekwa bara walivushwa kwenda Arabuni na Ghuba, wengine wakiwa wajawazito au na watoto mgongoni, hadi mkataba wa Juni 1873 ulipopiga marufuku kuwasafirisha watumwa kwa njia ya bahari, na hata baada ya hapo biashara hiyo iliendelea kwa siri kwa muda. Hata ndani ya majumba ya watawala utoto ulikuwa umepita njia hiyo hiyo. Jilfidan, mmoja wa masuria wa Sayyid Said, yaani mwanamke wa utumwa aliyewekwa kinyumba na bwana wake na ambaye watoto wake walihesabiwa kuwa huru, alikuwa mtoto wa Kicherkesi aliyetekwa katika vita vya Kaukasi, akatenganishwa na ndugu zake, na kuingia nyumba ya Sayyid akiwa bado mdogo. Familia yake ya kwanza hakuiona tena. Binti yake, Salme, ndiye aliyeacha ushahidi mkubwa kuliko wote juu ya mada hii.

Kabla ya Salme, hata hivyo, yafaa kuitazama nyumba moja ya Mombasa mwaka 1844. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na jumuiya ya Kanisa la Uingereza, anakumbukwa na kila anayesoma historia ya Kiswahili kwa sababu mwezi Juni mwaka huo alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, kwa msaada wa kadhi wa mji. Isiyokumbukwa ni hali ya mkewe, Rosine Dietrich, aliyekuwa katika nyumba hiyo hiyo na mimba pevu. Walioana Misri mwaka 1842, na mwaka uliofuata, walipojaribu kuingia Uhabeshi kutokea Massawa, Rosine alijifungua binti njiani, jangwani, na mtoto huyo akafariki mara. Mwezi Novemba 1843 waliondoka Aden kwa jahazi wakielekea kusini, na chombo chao cha kwanza kilikaribia kuzama. Ukihesabu miezi kurudi nyuma utaona kwamba mimba ya pili ilikuwa imeshaanza wakati huo au karibu na hapo. Ilisafiri pamoja nao katika bandari za Pwani hadi Zanzibar, walikofika Januari, kisha Mombasa. Julai 1844 Rosine alijifungua binti mwingine, na kabla ya siku kumi kupita mama na mtoto wote wawili walikuwa wamekufa kwa homa. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali. Krapf aliendelea na kazi yake na kuhamia Rabai, ambako kazi hiyo ilikua. Lakini ni haki kusema kwamba mwanzo wa uandishi wa Kiswahili kwa herufi za Kilatini uko jirani sana na kaburi la mzazi na mtoto wake.

Yaliyompata Rosine hayakuwa ya pekee kati ya familia za wamisionari. David Livingstone alipoondoka Uingereza Machi 1858 kwenda mto Zambezi, mkewe Mary na mwana wao mdogo walikuwa naye melini. Njiani ikagundulika kwamba Mary ana mimba, akateremshwa Cape Town, akaenda kujifungua kwa wazazi wake Kuruman. Alipofika Zambezi hatimaye mwaka 1862, hakuishi miezi mingi. Vitabu vya uvumbuzi huyapitia mambo haya haraka, kana kwamba mimba ilikuwa kikwazo cha msafara na si sehemu ya maisha ya waliokuwa safarini.

Salme alizaliwa Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, mwezi mmoja tu na kidogo baada ya kifo cha Rosine. Katika kitabu cha kumbukumbu zake, kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 chini ya jina lake la ndoa, Emily Ruete, ameeleza kwa kirefu uzazi ulivyopokelewa katika majumba ya Zanzibar: mkunga na wanawake wazima waliomzunguka mzazi, mtoto aliyefungwa nguo kwa wiki za mwanzo, masikio ya mtoto wa kike kutobolewa akiwa na siku saba, na arobaini, siku ya 40 tangu kuzaliwa, ambayo nywele za mtoto hunyolewa na mama hutoka katika kipindi cha kutunzwa. Maelezo hayo yana uzito wa pekee kwa msomaji anayejua kwamba mwandishi mwenyewe, ilipofika zamu yake, hakuipata hata sehemu moja ya malezi hayo.

Mama yake alifariki mwaka 1859, na mwaka huo huo Salme akaingizwa katika njama ya kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao Sayyid Majid, aliyekuwa Sultani, jambo lililomtenga na sehemu ya jamaa zake. Baadaye alifahamiana na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake mjini, na mwaka 1866 akashika mimba. Sharia ya Kiislamu haimruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na asiyekuwa Mwislamu, na mimba ya nje ya ndoa katika nyumba ya mtawala ilikuwa hatari kwa uhai wake. Jaribio la kwanza la kutoroka kwa meli ya Kijerumani lilishindikana. La pili lilifanikiwa kwa kutumia desturi ya wenyeji: usiku wa Siku ya Mwaka, ambapo wanawake huenda pwani kuoga, Salme alikwenda kuoga na wenzake, akaingia mashuani, akapelekwa kwenye manowari ya Uingereza iliyoitwa Highflyer. Mke wa kaimu balozi wa Uingereza alikuwa mmoja wa walioipanga safari hiyo. Mimba ya Salme ilikuwa ya miezi mitano au sita.

Aden ndipo palipokuwa mahali pa kungojea. Salme alikaa kwa mume na mke wa Kihispania aliowafahamu tangu Zanzibar, na tarehe 7 Desemba 1866 akajifungua mtoto wa kiume aliyeitwa Heinrich kwa jina la baba yake. Baba hakuwapo, alibaki Zanzibar kumaliza mambo ya biashara, na hakufika Aden hadi Mei 1867. Tarehe 30 Mei Salme alibatizwa na kuolewa, kisha safari ya kwenda Ulaya ikaanza mara moja. Mfereji wa Suez haukuwa umefunguliwa bado, jambo lililotokea mwaka 1869, kwa hiyo abiria walishuka Suez, wakavuka Misri kwa reli hadi Aleksandria, wakapanda meli nyingine kuvuka Bahari ya Kati. Kwa mtoto wa miezi sita safari hiyo, katika joto la kiangazi la Bahari ya Sham, ilikuwa mzigo mkubwa mno. Mtoto Heinrich alifariki Ufaransa kabla hawajafika Hamburg.

Watoto watatu wengine walizaliwa Hamburg kwa mfuatano wa mwaka mmoja mmoja: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, na Rosalie Aprili 1870. Agosti 1870 baba yao aligongwa na tramu iliyokokotwa na farasi, akafariki. Salme alikuwa na miaka 25, lugha ya nchi hajaimudu sawasawa, mtoto wa kwanza ana miaka miwili na miezi minne, na wa mwisho hajatimiza miezi minne. Sheria ya Hamburg iliwaweka watoto waliofiwa na baba chini ya wasimamizi wanaume, na mama alikuta hata mali na malezi ya wanawe vinaamuliwa na wengine. Alihama mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifundisha Kiarabu ili apate riziki.

Hapa ndipo watoto wanapoingia katika siasa ya dola. Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, alipozuru London mwaka 1875, Salme alikwenda huko akitaka kupatana naye. Sir Bartle Frere, kwa niaba ya wakubwa wa Uingereza, alimtaka aache shauri hilo akimpa matumaini kwamba mustakabali wa watoto wake utaangaliwa. Alikubali kwa ajili yao, na ahadi haikutimizwa. Miaka 10 baadaye ikawa zamu ya Ujerumani. Kwa kuwa watoto walifuata uraia wa baba, walikuwa raia wa Kijerumani, na Kansela wa Ujerumani, Bismarck, aliona kwamba madai yao ya urithi yangeweza kutumika kumshinikiza Sultani. Agosti 1885 Salme alifika bandarini Zanzibar pamoja na wanawe katika meli ya Adler, wakati manowari za Kijerumani zilipokuwa zikimlazimisha Barghash akubali himaya ya Ujerumani bara. Sultani alipokubali, haja ya dola na familia hiyo ikaisha. Kaka hakumpokea dada yake, wala urithi haukupatikana. Safari hiyo, ambayo ndiyo pekee iliyomrudisha Salme nyumbani akiwa na watoto wake wote watatu, ilipangwa, ikagharimiwa na kuvunjwa kwa faida ya watu wengine, na ni vigumu kuisoma bila uchungu.

Baada ya kuzuru Zanzibar tena mwaka 1888 aliishi Jaffa, kisha Beirut hadi 1914, na akafariki Jena mwaka 1924. Mwanawe, Rudolph Said, ndiye aliyeandika na kuchapisha London, mwaka 1929, wasifu wa babu yake Sayyid Said.

Mengi yamebadilika tangu hapo. Mashirika mengi ya ndege hayampokei mjamzito aliyevuka wiki 36, hutaka barua ya daktari wiki kadhaa kabla ya hapo, na mtoto mchanga sasa hupewa pasipoti yake mwenyewe ilhali kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 aliandikwa tu ndani ya hati ya mzazi. Lakini habari za familia zilizosafiri kabla ya kanuni hizo bado zimetawanyika katika barua za mabalozi, katika Nyaraka za Taifa Kilimani, Unguja, katika vitabu vya misheni, na vinywani mwa mabibi wa Lamu, Mombasa, Pemba na Maskati ambao waliambiwa na mama zao nani alizaliwa katika msimu upi na kwa nini alizaliwa huko. Watafiti wa historia ya Pwani, na hasa vijana wanaotafuta mada ya tasnifu, wanaombwa waanze na mabibi hao, kwa kuwa hati zitangoja lakini wao hawatakuwapo siku zote.