LIYONGO, SINDANO YA SHABA NA AJALI ILIYOANDIKWA



Ndugu zangu wa Kasulu, Kibondo na popote mlipo, leo tujikumbushe mauti kwa kisa cha wazee wetu wa pwani.

Mwaka 1913, Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa ambaye habari zake zilikuwa zimesimuliwa vizazi vingi kabla yake. Mkuki haukumdhuru wala mshale. Kitu kimoja tu kingemuua: sindano ya shaba kitovuni. Mtawala wa Pate akamrubuni mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya kuozwa binti yake. Kijana akamuuliza baba siri ya kifo chake. Baba alihisi kuwa mwanawe ametumwa, na bado akamwambia. Kisha akachomwa usingizini.

Liyongo akaamka, akachukua upinde, akaenda kisimani, akapiga goti na mshale mkononi. Akafa vilevile alivyo. Watu wa mji wakashindwa kuteka maji kwa hofu, hata mama yake akaletwa kumbembeleza. Walimwogopa maiti mpaka mwili ulipoanguka.

Hapa Muislamu anamkumbuka Nabii Suleiman, alayhis salaam. Surat Sabaa inatueleza kuwa alikufa akiegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi ngumu mpaka mdudu alipoila fimbo. Ndipo ikawabainikia kuwa hawajui ghaibu. Ikiwa majini hawakujua kifo kilichokuwa mbele yao, mganga atajua vipi kifo cha kwako?

Ndugu yangu, angalia jambo moja katika kisa hiki. Ajali ya Liyongo ilifika, lakini hakuna msimulizi aliyesema, "Basi, kijana hana kosa." Aliitwa msaliti, na alichoahidiwa hakukipata. Qadar ni ya Allah, na mkono ulioshika sindano utaulizwa.

Sisi huku tunakosea pande mbili. Mtu akifa, wapo wanaokimbilia kusema karogwa, wanaita kamchape, na bibi kizee asiye na hatia anavunjiwa nyumba. Wengine wanasema, "Siku zake zilifika," wakafunga mjadala, kumbe mtoto alilala na homa siku tatu bila kupelekwa zahanati, au dereva wa bodaboda alikuwa amelewa. Wa kwanza anamdhulumu jirani. Wa pili anaifanya qadar iwe shuka ya kufunikia uzembe wake.

Ukifiwa, sema Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun, na umwamini Mola wako. Kisha jiulize: wajibu wangu niliutimiza? Na kabla hujafiwa, mpeleke mgonjwa hospitali mapema, lipa deni, andika wasia.

Allah atujaalie husnul khaatima, awarehemu marehemu wetu. Aamiin. Mfikishie na mwenzio.