Georgi Aliyekufa Zaidi ya Mara Moja

Mtakatifu Georgi anajulikana kwa joka. Ukiingia kanisani iwe Uingereza au Ethiopia, utamkuta juu ya farasi, mkuki umezama kooni mwa mnyama. Lakini joka hilo limechelewa mno: lilijitokeza yapata karne ya 11, kisha kitabu cha Jacobus de Voragine, cha karne ya 13, kikalisambaza Ulaya. Georgi wa masimulizi ya kale haui kitu. Anayeuawa ni yeye.

Tena anauawa kweli kweli. Katika simulizi la awali la Kigiriki, mfalme Dadianus anamtesa miaka saba. Anakufa na kufufuka mara tatu, mpaka upanga unapommaliza. Wakubwa wa Kanisa la Magharibi walilionea shaka. Hati inayobeba jina la Papa Gelasius inalitia kwenye orodha ya maandishi yasiyokubalika. Wasimulizi waliofuata wakapunguza vifo, wakamweka Georgi chini ya Kaisari Diocletian, aliyeanza kuwatesa Wakristo mwaka 303. Hapo akawa askari wa kuaminika, mtu wa kuchorwa na mkuki.

Kilichotupwa huko kiliokotwa na Waislamu. Al-Tabari, aliyefariki mwaka 923, anasimulia katika tarikhi yake habari za Jirjis, yaani Georgi, mja mwema wa Palestina aliyekwenda kwa mfalme wa Mosul. Huyu si askari, ni mfanyabiashara! Mfalme anamuua, Mwenyezi Mungu anamrudisha, mfalme anamuua tena. Joka halimo. Kwa maoni yangu, mfiadini wa mwanzo amehifadhiwa vizuri zaidi hapa kuliko katika picha nyingi za makanisani. Mosul ulikuwapo msikiti wa Nabii Jirjis, hadi wapiganaji wa Dola ya Kiislamu walipoulipua mwaka 2014.

Waethiopia ni habari nyingine: wao walimtaka askari, na tabot yake, kibao kitakatifu cha kanisa lake, ilibebwa hadi vitani Adwa dhidi ya Waitalia mwaka 1896.

Palestina kwenyewe, Georgi amechanganywa na Khidhri, yule ambaye Waislamu wengi huamini hajafa hadi leo. Kijiji cha al-Khader, karibu na Bethlehemu, kina jina la Khidhri na kanisa la Georgi. Wakazi wake karibu wote ni Waislamu, na kwa vizazi wameingia kanisani humo kuweka nadhiri na kuwaombea wagonjwa, bila kungoja ruhusa ya wanatheolojia wa upande wowote.