Makamanda waasi wa Ngomeni, Mombasa

Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kando ya Mji wa Kale, iliwapa wakuu wake mizinga, askari na, mara nyingine, uchu wa kutawala.

Katika miaka ya 1740 Muhammad bin Uthman al-Mazrui, liwali aliyewekwa na Oman, alikataa kumtambua Ahmad bin Said, mtawala mpya wa Oman. Aliuawa, lakini ukoo wake ulishika Mombasa hadi 1837: si haba kwa uasi wa mtumishi.

Akida Muhammad bin Abdallah hakubahatika hivyo. Akiwa mkuu wa askari wa Sultani Barghash wa Zanzibar, aligombana na liwali, akajifungia ngomeni na kumwasi bwana wake. Januari 1875 manowari za Uingereza, Nassau na Rifleman, ziliipiga ngome mizinga, naye akasalimu amri. Kisa chake kilitungiwa utenzi, Al-Akida.