Maji Kwenye Nyaya: Ufundi Umeme wa Magari Kibirizi na Mwambao wa Kigoma

Hitilafu ya umeme wa gari inayotokana na maji yanayovuja ina tabia yake. Huja asubuhi baada ya mvua ya usiku, hutoweka jua likipanda, kisha hurudi wiki nyingine kwa sura tofauti: leo honi inalia yenyewe, kesho vioo havishuki, keshokutwa betri imelala ilhali hakuna taa iliyoachwa ikiwaka. Kata ya Kibirizi, iliyo kaskazini mwa mji wa Kigoma, haikosi magari ya namna hiyo. Mvua za hapa huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei, na kwa mwaka hufikia karibu milimita 1,000. Barabara inashuka kutoka vilimani hadi mwaloni, ambako magari hupakia dagaa na migebuka, na boti za mbao hupakia abiria na shehena za kwenda vijiji vya kaskazini, Burundi na Kongo. Maji yanalifikia gari kutoka juu, kutoka chini na kutoka kwenye mzigo wenyewe.

Mvutano wa maji na mitambo ulifika Kigoma pamoja na reli. Reli ya Kati iligusa ziwa Februari 1914, na mwaka uliofuata Wajerumani wakashusha majini meli Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kutoka kiwanda cha Meyer cha Papenburg. Walipolazimika kuihama Kigoma Julai 1916 waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Wabelgiji waliwahi kuiinua, ikazama tena. Waingereza walipoiibua Machi 1924, mitambo ya mvuke ilikutwa inafaa kutumika, na Mei 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Grisi ilitosha kwa sababu chuma cha mtambo wa mvuke kinahitaji kukingwa tu. Umeme hautendewi hivyo. Pini na soketi yake sharti zigusane chuma kwa chuma, bila kitu chochote katikati, na hapo hapo penye mgusano ndipo maji hupenda kukaa. Ugumu wote wa kazi ya fundi umeme katika mwambao huu umeanzia hapo.

Magari ya mwanzo hayakuwa na nyaya nyingi za kuharibika. Cheche ilitoka kwenye magneto, taa zilikuwa za gesi ya karbaidi, na injini iliwashwa kwa hendeli. Stata ya umeme ilianza kuuzwa ndani ya gari la Cadillac la 1912, na katika miaka iliyofuata betri, dinamo na distributa vikawa vitu vya kawaida. Distributa ndiyo iliyowafundisha madereva wa nchi za mvua somo la kwanza. Umeme wa volti maelfu unaopita kwenye kifuniko chake hutafuta njia fupi ya kufika kwenye bodi. Kifuniko kikiwa na unyevu, cheche hutambaa juu ya utando wa maji badala ya kwenda kwenye plagi. Injini inakataa kuwaka alfajiri, inakubali saa nne. Dawa ilikuwa kitambaa kikavu. Palipokuwa na ufa uliokwisha kuchorwa mstari mweusi wa kaboni, kitambaa hakikusaidia tena, na kifuniko kilibadilishwa.

Land Rover, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, ndiyo iliyobeba kazi za serikali, misheni na watafiti katika barabara za magharibi mwa Tanganyika. Jane Goodall na mama yake walifika Kigoma kutoka Nairobi mwaka 1960 kwa Land Rover iliyosheheni mizigo, kabla ya kwenda kwa boti hadi Gombe. Gari hilo lilivuja karibu kila mahali: kwenye vipenyo vya hewa chini ya kioo cha mbele, kwenye maungio ya paa, kwenye milango. Hata hivyo liliishi, kwa sababu waya zake zilikuwa chache na zilionekana. Fundi alihitaji balbu moja yenye waya mbili ili kuufuata umeme kutoka betri hadi taa.

Tatizo lake kubwa lilikuwa erthi. Bodi ni ya aluminiamu, chesesi ni ya chuma, na metali hizo mbili zikiungana penye maji, aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe usiopitisha umeme. Taa ya nyuma inayofifia indiketa inapowashwa ilikuwa, na bado ni, dalili ya erthi iliyokufa: umeme unaokosa njia ya kurudi hupita kwenye balbu ya jirani. Land Rover za mwanzo zilifungwa upande chanya wa betri kwenye bodi, mpango ulioachwa katika miaka ya 1960. Penye maji, chuma cha upande chanya ndicho kinachoyeyuka, kwa hiyo katika mpango ule bodi ndiyo iliyoliwa na waya zikapona. Baada ya mabadiliko, ulaji ulihamia kwenye pini ndogo za soketi. Fundi akifungua soketi iliyolowa leo, pini yenye umeme muda wote huikuta imebaki kisiki, na ya erthi iliyo kando yake bado nzima.

Kasi ya ulaji huo inategemea aina ya maji. Maji ya mvua yana madini machache na hupitisha umeme kidogo. Maji ya Ziwa Tanganyika ni mengine. Kinywani ni maji baridi, yasiyo na ladha ya chumvi, lakini yamebeba magnesiamu na bikaboneti nyingi, sehemu kubwa ikiletwa na Mto Rusizi kutoka Ziwa Kivu, na upitishaji wake wa umeme ni karibu maikrosimensi 650 kwa sentimita, wakati Ziwa Victoria lina karibu 100. Yakikauka huacha ukoko mweupe, na ukoko huo hufyonza unyevu wa hewani kila usiku. Mabaya zaidi ni maji ya chumvi. Uvinza, kwenye chemchemi zake karibu na Mto Malagarasi, imetoa chumvi tangu kale kabla ya ukoloni, na chumvi hiyo imesafirishwa kwa misafara, kwa reli, na sasa kwa malori. Gari lililobeba chumvi au samaki waliotiwa chumvi hudondoshewa maji yanayopenya kwenye matobo ya sakafu hadi kwenye waya za taa za nyuma na pampu ya mafuta. Shaba ikishaanza kugeuka kijani, ukijani hutambaa ndani ya ganda la waya kupita nyuzi zake, mara nyingine mbali na pale maji yalipoingilia.

Tangu 1984, masharti ya kuagiza bidhaa yalipolegezwa, magari yaliyotumika Japani yalianza kujaa nchini. Miaka ya 1990 ilileta vita vya Burundi na Kongo, na kambi kama Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, zikaleta mashirika yenye Land Cruiser nyingi. Injini ya 1HZ ya magari hayo haihitaji kompyuta ili iungurume, ndiyo maana ilivumilia vivuko na mito. Gari dogo la familia na basi dogo la abiria hayakuwa na bahati hiyo. Yalikuja na kapeti nene inayoficha maji, na kontroboksi, yaani kompyuta ya gari, ikiwa imefungwa chini ya dashibodi au pembeni mwa miguu ya abiria, sehemu ambayo maji yote ya mbele huishia.

Hapo ndipo utafutaji wa hitilafu ulipogeuka kuwa kazi ya upelelezi, na mafundi waliojifunzia barabarani kwa kumfuata fundi mkuu wanastahili heshima kubwa kwa jinsi walivyoupanga. Fundi mzoefu huuliza kabla ya kushika testa. Hitilafu ilianza baada ya mvua au baada ya kuosha gari? Gari lililala wapi, pua ikitazama kilimani au ziwani? Swali hilo la pili si la kupotezea muda: kwenye mteremko, maji yaliyoingilia mbele yanaweza kukusanyika chini ya kiti cha nyuma. Kisha kapeti inainuliwa. Maji safi upande wa kushoto mbele, hata siku za jua, mara nyingi ni ya kiyoyozi ambacho mpira wake wa kutolea maji umeziba. Maji yenye utamutamu na utelezi yanatoka kwenye hita. Maji yenye vumbi na vipande vya majani yameshuka kutoka chini ya kioo cha mbele, ambako mifereji huzibwa na majani ya miembe, miti ambayo Ujiji na Kigoma zimejaa.

Chanzo kikiwa hakijaonekana, mtu mmoja hukaa ndani na tochi na mwingine humwagia maji taratibu kwa nje, akianzia chini na kupanda juu. Anayeanzia juu hulowesha kila kitu na hajui ni wapi palipovuja kwanza. Waya za redio, kengele ya wizi au taa za ziada hukaguliwa kwa makini: palipotobolewa bila mpira wa kuziba, waya yenyewe huwa mfereji. Ndiyo maana waya inayoingia ndani hupaswa kuning'inia kidogo chini ya tobo, maji yadondoke kabla ya kupanda.

Baada ya hapo mita huchukua nafasi. Taa zikiwa zinawaka, hupimwa volti kati ya ncha hasi ya betri na bodi, zikizidi 0.2, erthi ina kasoro. Kwa betri inayolala, gari huachwa litulie na mkondo unaovuja hupimwa, fyuzi zikichomolewa moja moja. Gari zima lisizidi miliampea 50 hivi. Boksi la fyuzi lililolowa likivujisha nusu ampea, hunyonya ampea-saa 12 kwa siku, na betri ya 60 inamalizwa kwa siku tano.

Marekani ililazimisha soketi ya kupimia ya aina moja kwa magari ya kuanzia 1996, na baadaye mashine ndogo za kusoma misimbo zikafika hadi gereji za mkoani. Ni chombo kizuri, ila husema tu kwamba volti ya sensa fulani imeshuka. Hakijui kama sensa imekufa au soketi yake ina maji. Fedha nyingi za wenye magari zimepotea kwa kununua sensa nzima. Hasara nyingine huletwa na kukata waya, kuzisokota na kuzifunga kwa tepu, kwa kuwa tepu hufungia maji ndani.

Ziwa lenyewe limekuja kudai sehemu yake. Lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, na limewahi kupanda sana, mwaka 1878 na tena baada ya mvua za 1961. Kuanzia 2020 lilipanda upya na kumeza fukwe, barabara na majengo kutoka Bujumbura na Uvira hadi mwambao wa Kigoma. Gari lililozama halipigwi stata. Betri hufunguliwa kwanza, kisha soketi zilizoguswa na maji ya ziwa husafishwa kwa maji safi ili madini yatoke, hupulizwa upepo, husuguliwa kwa spiriti na kuanikwa. Kontroboksi hufunguliwa na kukaushwa siku hiyo hiyo, kwa maana ukijani ukishafika kwenye bodi yake ya ndani, kukausha hakuurudishi nyuma. Soketi za rangi ya manjano, ambazo ni za mifuko ya hewa, hazipimwi kwa balbu, kwani mkondo wake unaweza kuufyatua mfuko. Mpira wa kioo, mifereji na matobo ya sakafu huzibwa au kuzibuliwa kabla waya mpya hazijafungwa, na grisi hupakwa kwenye ncha za betri na migongo ya soketi baada ya chuma kukutana na chuma.